Bomba Nililolinyamazisha

Isiolo, Jumapili jioni

Halake mwanangu,

Mambo ya blanketi, sabuni na kuandika barua kila mwezi mama yako amekwisha kukuambia, tena mara tatu, nami sina nguvu ya kuyarudia. Nimekaa nje ya mlango na daftari lako la zamani la hesabu, kwa sababu kurasa za nyuma ziko wazi. Wewe umekwenda kuwaaga wazee wa msikitini. Nina nafasi mpaka urudi, na ninavyowajua wazee wale, dua yao si fupi.

Kesho unakwenda Nanyuki kufanya kazi ya maji ya moto katika ile shule ya bweni, chini ya Ekal. Utalala kwake, utakula ugali wake, na kazi utafundishwa na yeye. Unamjua kama rafiki wa baba, yule Mturkana wa Ngaremara anayetutembelea kila mwisho wa mwaka na kukuletea viatu vinavyokubana. Unajua ndiye aliyekuombea nafasi hii. Lakini kati yangu na yeye kuna jambo ambalo hulijui. Yeye pia halijui. Nimelijua mimi peke yangu kwa miaka kumi na miwili, na limenichosha.

Nitaanza mbali kidogo. Univumilie.

Sikuzaliwa na spana mkononi. Huko Korbesa nilikokulia, maji yalikuwa chini kabisa, na yalipanda juu kwa mikono ya watu. Wanaume sita au saba walisimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba, na ng'ombe wakingoja juu kwenye birika la udongo. Wimbo ndio uliopeleka ndoo. Mtu akimwaga maji, hakuna aliyemtukana. Wimbo ulikatika tu. Watu wote walinyamaza mpaka ndoo nyingine ifike, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko fimbo. Mimi nilimwaga mara moja, nikiwa na miaka kumi na miwili hivi. Babu yako hakusema nami kwa siku mbili. Mpaka leo nikisikia maji yanaanguka chini bure, nainuka kwenda kuyafunga, hata kwenye nyumba za watu. Utaniambia ni upuuzi. Ni kweli, lakini ndivyo nilivyo.

Miaka ya vita vya shifta ilipotumaliza mifugo, nilikuja mjini kama wengine. Fundi mmoja Mhindi alinichukua, akanifundisha kukata bomba, kuchonga meno yake, kuzungusha katani na kupaka rangi juu yake ili maunganio yasivuje. Baadaye nikaandikwa kazi katika ile nyumba ya wageni iliyokuwa upande wa juu wa mji. Usiitafute, siku hizi ni ghala. Wakati ule wakubwa wote waliokuwa wakielekea Marsabit au Wajir walilala pale, na kila mmoja alitaka kuoga maji ya moto, hata Februari, jua likiwa linapasua kichwa.

Nilipofika nilikuta nyumba ina kelele. Mgeni akifunga koki ya bafuni, ukuta ulipigwa ndani kwa ndani, ngo, ngo, ngo, mpaka picha zikatetemeka. Mgeni mmoja wa Nairobi alisema kuna mtu amefungiwa ndani ya ukuta. Mpishi, Mkristo mwema, aliombea chumba kile. Askari wa lango alisoma aya zake pale mlangoni. Ukuta ulisikiliza dini zote mbili, ukaendelea kugonga. Mimi nilibomoa plasta, nikakuta bomba refu halikushikwa na kitu. Maji yanakuja mbio, koki inafungwa ghafla, hayana pa kwenda, basi yanalipiga bomba na bomba linapiga ukuta. Nililibana kwa vyuma kila baada ya hatua moja, na karibu na koki nikasimamisha kipande cha bomba kilichozibwa juu, ndani yake hewa tupu, ili maji yakija kwa hasira yawe na kitu laini cha kusukuma. Kelele ikaisha siku hiyo hiyo.

Nilipewa jina. Dida Mnyamazishaji. Watu walinifuata kutoka nyumba za maofisa: njoo, bomba letu linalia, njoo, tangi letu linakoroma. Nililipenda jina lile, Halake. Kijana wa Korbesa aliyefika mjini bila hata mbuzi, sasa anaitwa na wakubwa. Nakuambia hili kwa sababu watu wakikueleza makosa yao huanza na kosa lenyewe. Langu lilianza hapo, katika kusifiwa.

Sasa boila. Utaikuta ya namna ile ile huko uendako, ila kubwa zaidi. Ni pipa la chuma lililolazwa juu ya meko ya mawe na simiti. Maji baridi yanaingia chini kutoka tangi la juu, ya moto yanatoka juu kwenda bafuni. Na pale juu kuna bomba jingine, jembamba, linapanda hadi juu ya paa na mdomo wake uko wazi. Mafundi tunaliita bomba la kupumulia. Moto ukizidi, mvuke unatoka hapo. Linakohoa, linatema maji ya moto juu ya mabati, linaguna kama mzee aliyeshiba. Ni kelele, na ni upotevu wa maji, lakini ndiyo kazi yake.

Ekal ndiye aliyechochea moto. Alikuwa mtu wa kimya na mwepesi wa kucheka, na alijua kuni kuliko mimi nilivyojua bomba. Upande wa pili wa ukuta alifanya kazi Mama Karimi, Mmeru, aliyefua mashuka ya wageni kwa maji ya koki iliyotoka moja kwa moja kwenye pipa. Tulikuwa watatu tu nyuma kule, na saa nne tulikunywa chai pamoja. Mama Karimi alikuwa akimtania Ekal kwamba Waturkana huoga siku ya harusi tu, naye Ekal akijibu, "Na nyinyi Wameru munaoga kila siku, lakini nani anawachomea maji?"

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Maji ya mji yalikuja siku mbili kwa wiki, na wanawake walipanga madebe kwenye bomba la sokoni tangu alfajiri. Babu yako alikuja kutoka Korbesa kututembelea. Nilitaka aone mahali ninapofanya kazi. Nilimkalisha kwenye kiti, kivulini, nikampa chai. Hakuitazama nyumba wala bustani. Alilitazama lile bomba la juu ya paa likitema maji, yakateremka kwenye mabati, yakapotelea mchangani. Alitazama muda mrefu.

"Maji hii inalindwa na nani?" akaniuliza.

"Na mimi, abba."

"Na hiyo inaanguka?"

Nilimweleza habari ya mvuke. Nilieleza vizuri, kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akanyamaza. Kilikuwa kimya kile kile cha kisimani. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, na nikaona aibu kama siku ile niliyomwaga ndoo.

Wiki ile ile mgeni mmoja alilalamika kwamba bomba la paa linamnyima usingizi wa mchana. Msimamizi wa nyumba akaniita. "Wewe si ndiye mnyamazishaji? Nyamazisha hiyo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba kuna tundu lisilozibwa. Nilichonga kijiti cha mti wa mswaki, nikapanda juu ya paa, nikakipigilia kwenye mdomo wa bomba. Mti ukilowa hufura, kwa hiyo kilishika barabara. Nilijiambia ni kwa siku chache tu, mpaka mvua inyeshe. Nilijiambia kwamba mvuke ukizidi utarudi chini na kutokea kwenye tangi, kupitia bomba la maji baridi. Ningekuwa sahihi kama bomba lile lingekuwa safi. Lakini maji yetu ya Isiolo yana chumvi, unayajua, unaiona kwenye birika la chai la mama yako. Ile chumvi ilikuwa imejenga gamba jeupe ndani ya bomba hadi nafasi iliyobaki haikupitisha hata kidole cha mtoto. Mimi fundi sikulifungua kuliangalia. Nilikuwa na haraka ya kuwapendeza watu wawili, babu yako na msimamizi.

Kesho yake Ekal alinifuata. "Dida, leo bomba imenyamaza. Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Mimi nilizoea kuisikiliza. Ikikohoa, napunguza moto."

Halake, mwanangu, mtu yule alinieleza kila kitu kwa maneno sita. Lile bomba ndilo lililokuwa saa yake na macho yake. Nami nilimjibu kwa mara ya pili kwamba iko sawa, kwa sababu sikutaka kusema nimepanda juu ya paa na kijiti.

Siku ya tatu wageni walikuja wengi, magari manne. Ekal akaongeza kuni, kama ambavyo angefanya mtu yeyote. Mimi nilikuwa bafuni nikibadilisha mpira wa koki. Nilisikia pipa likiunguruma, gamba la ndani huunguruma hivyo moto ukiwa mkali, kisha nikasikia mlio mmoja, si mkubwa hata, kama mtu ameangusha sufuria. Baada ya hapo sauti ya Mama Karimi.

Mshono wa pipa ulikuwa umefunguka upande wake, pale ilipotokea koki ya kufulia. Maji yalimpata mkono wa kulia, bega na shingo. Mimi na Ekal tulimbeba mpaka kwenye gari la mgeni mmoja, na ngozi yake ilikuwa inateleza mikononi mwetu. Ekal akapanda gari pamoja naye. Mimi sikupanda. Nilirudi mbio, nikaweka ngazi, nikaenda juu ya paa, na watu walioniona walidhani nakwenda kufunga tangi. Niling'oa kile kijiti kwa koleo. Nilikitumbukiza chooni.

Hapo ndipo nilipokosa, mwanangu. Kuziba lile bomba kulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Lakini kupanda ile ngazi nilijua ninachofanya, kila kipago.

Msimamizi alituita jioni ile. Alimuuliza Ekal, "Uliweka kuni ngapi?"

"Niliweka mingi, bwana. Wageni walikuwa wengi."

"Fundi, boila ilikuwa na shida?"

Nikasema haikuwa na shida. Ekal hakunitazama hata kidogo. Angenitazama kwa nini? Aliamini. Alisema tu, "Ni moto yangu," akavua lile koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Alifukuzwa pale pale.

Utauliza kwa nini sikusema. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jibu zuri na sijalipata. Nilikuwa na wewe, ukiwa na miaka saba, na dada zako wawili, na mama yako alikuwa mjamzito. Ni kweli, lakini Ekal naye alikuwa na watoto. Niliogopa, basi. Mwezi wa kwanza niliogopa kufukuzwa. Mwaka wa kwanza niliogopa kuulizwa kwa nini nilikawia. Baada ya hapo sikuogopa tena, nilizoea, na kuzoea ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mtu aliyeogopa bado anajua kuna kitu.

Nilimwona Mama Karimi mara moja sokoni, kabla hajarudi kwao Meru. Mkono ulikuwa umekunjika, haunyooki, ameufunika kwa leso. Alinisalimu kwa furaha. Alinishukuru. "Wewe ulinibeba," akasema, "Mungu akubariki na nyumba yako." Akaniambia kwamba Ekal huja kila wiki kumpasulia kuni na kuomba msamaha, naye alikwisha kumsamehe zamani, mtu huyo hana haja ya kusumbuka. Nikasimama pale na kikapu cha nyanya nikisikiliza jinsi mtu mwingine alivyosamehewa kosa langu. Nikanunua vitunguu, nikaenda nyumbani.

Na Ekal, akija kwetu, wewe humwona anacheka. Siku moja, ulipokuwa umelala, aliniambia kwamba watoto wa ile shule humlalamikia maji ni vuguvugu. Walimu pia. Amekwisha kupewa onyo. "Lakini Dida, mkono yangu inakataa kuweka kuni. Nikiweka ya tatu, naona yule mama." Miaka kumi na miwili anachoma moto mdogo kwa sababu yangu. Kisha akaniuliza kama kijana wangu amepata kazi, kwa maana pale shuleni kuna nafasi. Mimi nikamwambia asante.

Sasa nikuambie machache ya kazi, maana mimi ni fundi pia, si mkosaji tu. Ukifika, kabla hujagusa kitu, kaa karibu na ile mitambo ukaisikilize siku nzima. Kila kelele ina sababu yake. Inayogonga koki ikifungwa, bomba halijashikwa. Inayolia kama filimbi, mpira wa koki umelika. Inayotetemeka asubuhi maji yanaporudi ni hewa tu, fungua koki ya juu kabisa uiache itoke, na usimtoze mtu kwa hiyo. Inayounguruma ndani ya pipa ni gamba la chumvi. Fungua, kwangua kwa mkono, usisikilize mtu akikuambia itasubiri likizo. Na watu watakuja kwako wakitaka kitu kimoja tu, kelele iishe. Hawatakuuliza umefanyaje. Mimi nilipewa jina kwa kuondoa kelele moja na nikamwunguza mtu kwa kuondoa nyingine, na wale walionisifu hawakujua tofauti. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Mengine sijui niseme nini. Unaniona mimi kama mtu mkali wa kazi, anayerudi nyuma mara mbili kuangalia kazi aliyokwisha kumaliza, na mmekuwa mkinicheka wewe na dada zako. Mama yako husema ni ugonjwa. Hata yeye sikumwambia. Nitamwambia usiku huu, na kati ya yote ninayoyafikiria, hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyempelekea Mama Karimi uji hospitalini.

Nilipoanza kuandika, nilikuwa na mpango mwingine. Ekal hajui kusoma, kama unavyojua. Nilifikiri nitakupa daftari hili, na ukifika utamkalisha chini jioni moja umsomee, maneno yangu yatoke kinywani mwako, na mimi nitakuwa huku Isiolo nikingoja jibu. Nilikuwa hata nimepanga ukurasa wa kukuomba hivyo. Nimeuchana. Niliona ninachofanya: mara ya kwanza nilimsimamisha Ekal mbele yangu, na sasa namsimamisha mwanangu. Ungefika kwa mtu kama mgeni wake, na mzigo wa kwanza kuushusha mlangoni uwe wangu. Hapana. Nimekufanyia mabaya madogo madogo katika kukulea, hili kubwa sitakufanyia.

Huenda akakufukuza kwa ajili yangu. Simjui kuwa mtu wa namna hiyo, lakini ana haki, na ukirudi na sanduku lako kesho kutwa, usimlaumu yeye. Utanilaumu mimi, nami nitakutafutia kazi nyingine, hata kama ni ya kuchota maji kwa punda. Ningeweza kungoja miezi sita mpaka ushike kazi vizuri ndipo niseme. Nimefikiria hilo pia, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Ni lile lile la kungoja mvua inyeshe.

Kwa hiyo nitakuja nawe. Nimekwisha kumwambia mwenye basi aniwekee nafasi ya pili. Nitakapotoka Nanyuki nitashukia njia panda, niende Meru nimtafute Mama Karimi, kama bado yuko hai. Nimeambiwa yuko.

Daftari hili nitakupa tukishapita mlima wa kwanza, kwa sababu nikikueleza kwa mdomo nitapunguza, najijua. Usome polepole. Nitakuwa nimekaa kando yako nikitazama nje. Ukimaliza usiniambie lolote, wala usinifariji, na kama utataka kuhamia kiti kingine, hama tu, sitauliza.

Tukifika langoni, Ekal atatoka mbio kutupokea, maana hajui kwamba nakuja na atafurahi sana. Atataka kukubebea sanduku. Mwachie alibebe. Umsalimu vizuri, uingie ndani kwa mkewe, unywe chai, na uniache nje na yeye.

Baba yako,
Dida